Mgeni Asiyeaminika: Historia ya Viza ya Matembezi kwa Mwenza wa Raia wa Marekani

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo inamfundisha mwenyeji jinsi ya kumgeuza mgeni kuwa mwenzake wa kazi. Sheria ya uhamiaji ya Marekani imejengwa juu ya hofu iliyo kinyume kabisa: kwamba mgeni, akishapewa siku mbili, atalishika jembe mwenyewe na hataliweka chini tena. Hofu hiyo humgusa kila anayeomba viza ya matembezi, lakini humwelemea zaidi mtu mmoja, naye ni mume au mke wa raia wa Marekani ambaye ombi lake la kuhamia limepokelewa na bado halijaamuliwa.

Hapa pana kitendawili kinachostahili kutafakariwa na kila anayesoma au anayeendesha sheria. Mtu mwenye sababu nzito kuliko wote ya kutembelea nyumba fulani, yaani aliye na mwenza ndani ya nyumba hiyo, ndiye anayeaminiwa kidogo kuliko wote anaposema kwamba anakwenda kutembea na atarudi. Imekuwaje? Jibu halipatikani katika tabia ya ofisa aliyekaa nyuma ya kioo ubalozini. Linapatikana katika historia ya sheria ya takriban miaka 170, na historia hiyo inatuhusu hata sisi tulio Afrika Mashariki, kwa sababu baadhi ya sheria zetu zimechota kutoka kisima hichohicho.

Mtego wa jibu la kweli

Tuanze na utaratibu ulivyo. Raia wa Marekani anayetaka kuishi na mwenza wake wa kigeni huwasilisha fomu I-130 katika idara ya uhamiaji ya nchi yake. Ombi likikubaliwa hupelekwa katika kituo cha viza cha taifa, kisha katika ubalozi ambako mwenza atahojiwa. Safari hiyo huchukua miezi mingi, na mara nyingi hupita mwaka. Katika kipindi hicho maisha hayasimami. Mke aliye Minneapolis hujifungua mumewe akiwa Dodoma. Mzazi hufariki, harusi za ndugu hufungwa, na mtoto huanza kutembea akimjua baba yake kwa sauti ya simu.

Ndipo mwenza huyo anapoamua kuomba viza ya matembezi, ile ya kundi la B-2, ili aende kwa wiki chache kisha arejee kusubiri zamu yake. Fomu ya maombi hayo, DS-160, ina swali: je, kuna mtu aliyewahi kuwasilisha ombi la uhamiaji kwa niaba yako? Hana budi kujibu ndiyo. Jibu hilo la kweli ndilo linaloweza kumwangusha, kwa sababu kifungu cha 214(b) cha Sheria ya Uhamiaji na Uraia ya 1952 kinaelekeza kwamba mwombaji achukuliwe kuwa mhamiaji mpaka yeye mwenyewe amridhishe ofisa kuwa sivyo. Akijibu hapana, ametoa taarifa za uongo, na kifungu cha 212 cha sheria hiyohiyo kinaweza kumfungia mlango kwa maisha yake yote, isipokuwa apate msamaha maalumu. Mlango huo ni pamoja na ule wa viza ya kuhamia aliokuwa akiusubiri kwa uaminifu.

Sheria haimkatazi mwenza wa raia kupewa viza ya matembezi. Ofisa anaruhusiwa kuitoa akiridhika kwamba safari ni ya muda. Lakini kuruhusiwa kutoa si kulazimika kutoa. Mwombaji hulipa dola 185 zisizorudishwa, husimama dirishani kwa dakika chache, na akikataliwa hupewa karatasi yenye namba ya kifungu pasipo maelezo ya undani. Hakuna rufaa. Anaweza kuomba upya, akilipa upya, mbele ya ofisa mwenye uhuru uleule wa kutoridhika.

Tuitendee haki hofu ya upande wa pili. Sheria ya Marekani inamruhusu mwenza wa raia aliyeingia nchini kihalali kuomba ukazi wa kudumu akiwa hukohuko ndani, na katika hali nyingi hata kama muda wake wa kukaa umekwisha. Ofisa anajua kwamba akimruhusu mgeni huyu kuingia, mgeni anaweza kuamua kubaki na sheria ikampokea. Ili kupunguza njia hiyo, mwongozo wa Idara ya Mambo ya Nje tangu mwaka 2017 unamruhusu ofisa kudhani kwamba mtu alidanganya kuhusu nia yake iwapo katika siku 90 za mwanzo baada ya kuingia atafanya mambo yasiyolingana na matembezi. Kwa hiyo hofu ya ofisa haikuzuka hewani. Bunge ndilo lililofungua mlango wa ndani, kisha likamweka ofisa nje azuie watu kuufikia.

Mke aliyemezwa na uraia wa mumewe

Dhana ya mwenza wa kigeni anayesubiri ni changa. Mwaka 1855 Bunge la Marekani lilitunga sheria kwamba mwanamke wa kigeni akiolewa na raia anakuwa raia papo hapo, almuradi awe mtu ambaye sheria za wakati huo zingemruhusu kupata uraia. Sharti hilo la mwisho lilikuwa na maana ya rangi: hadi 1870 uraia wa tajnisi ulikuwa wa watu weupe peke yao, ndipo ukafunguliwa pia kwa watu wa asili ya Kiafrika. Waasia wengi walibaki nje kwa miongo mingi zaidi.

Kwa mke aliyekubalika, hapakuwa na fomu wala foleni. Ndoa yenyewe ilikuwa hati ya uraia. Lakini ukarimu huo ulikuwa na sura nyingine. Sheria ya mwaka 1907 iliamuru kwamba mwanamke Mmarekani akiolewa na mgeni anapoteza uraia wake na kuchukua ule wa mumewe. Ethel Mackenzie, mzaliwa wa California aliyeolewa na mwimbaji wa Kiskoti, aligundua jambo hilo alipokwenda kujiandikisha kupiga kura San Francisco na kukataliwa. Mumewe alikuwa akiishi naye hapohapo California, na yeye mwenyewe hakuwahi kuhama. Mwaka 1915 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua dhidi yake kwa hoja kwamba aliolewa kwa hiari akijua matokeo.

Sheria zote mbili zilitoka katika wazo moja, kwamba mke hana dola yake mwenyewe. Harakati za wanawake, zilizopata haki ya kura nchi nzima mwaka 1920, zilizaa Sheria ya Cable ya 1922 iliyotenganisha uraia wa mke na wa mume. Tangu hapo Mmarekani aliyeolewa na mgeni aliweza kubaki raia, ingawa aliyeolewa na mwanamume wa Kiasia asiyestahili tajnisi aliendelea kuupoteza uraia wake hadi sheria iliporekebishwa mwaka 1931.

Huo ulikuwa ushindi wa haki, lakini ulikuwa na gharama ambayo haizungumzwi sana. Zamani ndoa ilibeba uraia ndani yake. Baada ya 1922 haikubeba tena. Mke wa kigeni wa raia akawa mgeni kisheria, na mgeni huhitaji ruhusa ya kuingia. Kilichokosekana ni sheria ya kumlinda katika kipindi cha kusubiri ruhusa hiyo.

Mwaka 1924: kila mtu ni mhamiaji

Miaka miwili baadaye ruhusa hiyo ilipata umbo tunalolijua leo. Sheria ya Uhamiaji ya Mei 1924 ilipanga mgawo wa wahamiaji kwa kila nchi na kuifanya viza inayotolewa na ofisa wa ubalozi ng'ambo kuwa sharti la mhamiaji kuingia. Katika mgawo huo Tanganyika, iliyokuwa chini ya udhamini wa Uingereza, ilipewa nafasi 100 kwa mwaka, kima cha chini kabisa.

Jambo zito zaidi lilikuwa katika ufafanuzi wa maneno. Sheria ile ilisema kwamba mgeni yeyote anayesafiri kuja Marekani ni mhamiaji, kisha ikaorodhesha wachache wasiohesabiwa hivyo, wakiwemo watalii na watu wa biashara za muda. Utembezi ukawa jambo la pekee linalohitaji kuthibitishwa, nao uhamiaji ukawa dhana ya kawaida juu ya kila anayebisha hodi. Kifungu cha 214(b) cha 1952 kiliiandika waziwazi dhana iliyokuwamo tayari katika lugha ya 1924.

Wake wa raia waliwekwa nje ya mgawo, hivyo hawakuhesabiwa katika nafasi za nchi zao. Waume wa kigeni wa wanawake wa Kimarekani hawakupata heshima hiyo kwa ukamilifu hadi 1952. Wake wa Kichina walikabiliwa na jambo la ajabu zaidi. Tarehe 25 Mei 1925 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu mbili siku moja. Katika ya kwanza iliamua kwamba wake wa wafanyabiashara wa Kichina, wageni waliokuwa wakiishi Marekani chini ya mkataba wa biashara, wana haki ya kuingia na kuishi na waume zao. Katika ya pili iliamua kwamba wake wa Kichina wa raia wa Marekani hawana haki hiyo, kwa kuwa ni wahamiaji wasiostahili uraia. Mfanyabiashara mgeni aliweza kumleta mkewe, na raia hakuweza. Bunge lilirekebisha jambo hilo mwaka 1930, na hata hapo kwa ndoa zilizofungwa kabla ya sheria ya 1924 tu.

Msomaji atazame hukumu hizo mbili kwa makini, kwani somo lake lingali hai. Mfumo unaowapanga watu kwa makundi badala ya mahusiano unaweza kumpa mgeni kile unachomnyima raia, na kila hatua ikawa halali kwa mujibu wa maandishi.

Madaraja mawili yaliyojengwa na kubomoka

Mara mbili Bunge la Marekani limekiri kwamba kusubiri kwenyewe ni dhara linalohitaji tiba.

Mara ya kwanza ilikuwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Sheria ya Maharusi wa Vita ya Desemba 1945 iliwaondolea wenza na watoto wa wanajeshi vikwazo vingi vya kuingia. Juni 1946 ikafuata sheria kwa ajili ya wachumba: waliruhusiwa kuingia kama wageni wa muda kwa miezi mitatu, wafunge ndoa, na baada ya ndoa wabaki. Kwa mara hiyo sheria ilikubali kwamba mtu anaweza kuwa mgeni na mhamiaji kwa wakati mmoja, bila kuuita ukweli huo udanganyifu. Lakini sheria hizo zilikuwa za muda, na zilikwisha muda wake.

Hata zilipokuwa hai hazikumlinda kila mtu. Ellen Knauff, mzaliwa wa Ujerumani aliyelihudumia jeshi la anga la Uingereza wakati wa vita na kuolewa na askari wa zamani wa Marekani, alifika New York mwezi Agosti 1948 na kuzuiwa katika kisiwa cha Ellis. Serikali ilidai ni hatari kwa usalama, ikakataa kusema kwa sababu gani, na ikakataa kumsikiliza. Januari 1950 Mahakama ya Juu, kwa majaji wanne dhidi ya watatu, iliamua kwamba mgeni aliye mlangoni hana haki zaidi ya utaratibu ambao Bunge limependa kumpa. Ilibidi magazeti na wabunge wapige kelele ndipo akasikilizwa, na Novemba 1951 akaruhusiwa kuingia. Serikali haikuwa na ushahidi wa kusimama. Hata hivyo hukumu iliyompinga ilibaki, na ingali ikitajwa mahakamani.

Mara ya pili ilikuwa Desemba 2000. Ombi la mwenza wa raia, ambalo halina kikomo cha idadi, lilikuwa likikwama kwa sababu ya wingi wa majalada. Bunge likaunda viza ya K-3 ili mwenza aingie akisubirie ndani, pamoja na nafuu nyingine iliyoitwa viza V kwa familia za wakazi wa kudumu ambao maombi yao yalikwisha kuwasilishwa kufikia tarehe ya sheria hiyo. Nia ya K-3 ilikuwa njema, ila ilitegemea ombi la pili kutangulia la kwanza. Maombi yote mawili yalipokuwa yakishughulikiwa pamoja, la kwanza lilikubaliwa kabla ya K-3 kutoka, na tangu 2010 ombi la K-3 hufungwa kiutawala mara hilo la I-130 linapokwisha kukubaliwa. Viza hiyo ingali katika vitabu vya sheria, lakini watu wanaoipata ni wachache mno.

Kwa hiyo mwenza anayeomba viza ya matembezi leo hajaribu kuuzunguka mfumo. Anabisha katika mlango wa tatu baada ya miwili aliyojengewa kukosa kufunguka. Serikali iliyoahidi daraja haipaswi kumshangaa mtu anayetafuta kivuko.

Nani mwenye ndoa mbele ya mahakama

Je, raia hawezi kuiambia mahakama kwamba kumzuia mwenza wake ni kuivunja ndoa yake? Mahakama ya Juu ya Marekani ilitamka mwaka 1967, ilipofuta sheria zilizokataza ndoa za watu wa rangi tofauti, kwamba kuoa na kuolewa ni haki ya msingi. Hata hivyo mwezi Juni 2024, katika kesi ya mke Mmarekani ambaye mumewe wa El Salvador alinyimwa viza ya kuhamia, Mahakama hiyo iliamua kwamba haki ya kuoana haibebi ndani yake haki ya kikatiba ya mwenza wa kigeni kuingia nchini. Raia anaweza kuwa na ndoa, lakini mahali pa kuishi kwa ndoa hiyo pako mikononi mwa ofisa ambaye uamuzi wake mahakama kwa kawaida haiugusi.

Bara letu limewahi kutoa majibu tofauti. Unity Dow, mwanasheria wa Botswana aliyeolewa na Mmarekani, alikuta kwamba watoto wake wawili waliozaliwa ndani ya ndoa si raia wa nchi waliyozaliwa, kwa sababu sheria ilifuata uraia wa baba. Mwaka 1992 Mahakama ya Rufani ya Botswana ilimpa ushindi. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya Zimbabwe iliamua kwamba kumkatalia mume wa kigeni kuishi nchini ni kuingilia haki ya mkewe, raia, ya kwenda na kukaa anakotaka katika nchi yake.

Iliyo karibu zaidi na mada yetu ni kesi ya Dawood, iliyoamuliwa na Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini mwezi Juni 2000. Sheria ya huko ilimruhusu mwenza wa kigeni kubaki nchini wakati ombi lake la kuhamia likisubiri, ila tu ikiwa ana kibali halali cha muda, na maofisa waliweza kukataa kukitoa au kukiongeza pasipo kuelezwa na sheria wafuate vigezo gani. Mahakama ilisema kwamba kuwalazimisha wanandoa kutengana ni kugusa utu wao, na kwamba Bunge haliwezi kumwachia ofisa uamuzi mzito namna hiyo bila kumpa mwongozo. Ikaagiza kwamba wakati sheria ikirekebishwa, kibali kitolewe isipokuwa pawepo sababu ya msingi ya kukinyima. Kwa maneno mengine, ilihamisha mzigo wa kuthibitisha kutoka kwa mwenza na kuuweka juu ya serikali.

Boriti iliyo jichoni mwetu

Wasomaji wangu walio katika utumishi wa umma wasidhani kwamba haya ni ya Washington peke yake. Kenya iliondoa ubaguzi wa jinsia kwa Katiba ya 2010, ambayo Ibara yake ya 15 inampa mume au mke wa kigeni haki ya kuomba kusajiliwa kuwa raia baada ya miaka saba ya ndoa. Kwetu Tanzania, Sheria ya Uraia ya 1995 ingali inampa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania njia ya kuomba tajnisi kwa sababu ya ndoa yake, na haimpi njia hiyo mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mtanzania. Mawazo ya 1855 na 1907, kwamba mke humfuata mume na mume hamfuati mke, bado yana makazi katika vitabu vyetu. Ni vigumu kuilalamikia foleni ya ugenini ilhali dada zetu wana foleni ya nyumbani ambayo haina hata mwanzo.

Ninaona mambo matatu ambayo historia hii inayadai, huko na huku. La kwanza ni ukomo wa muda: ombi la mwenza lisilo na tarehe ya kujibiwa ni hukumu isiyotamkwa. La pili ni sababu za maandishi, zenye maelezo ya mtu huyu na ndoa hii, kwa kuwa namba ya kifungu haimwambii mtu arekebishe nini. La tatu ni kutolihesabu ombi halali la kuhamia kuwa ushahidi wa hila. Aliyejaza fomu, akalipa ada, akasema kweli na kukubali kupanga foleni ameonyesha kwamba anaiheshimu sheria kuliko wengi. Kumshuku kwa sababu ya uaminifu huo ni kuwafundisha wengine wasiseme kweli.

Subira huvuta heri, na wanandoa wengi wameishi kwa methali hiyo. Lakini subira ni fadhila pale mtu anapoichagua. Dola inapowatoza watu subira bila kikomo, bila sababu na bila mahali pa kulalamika, hiyo imekuwa sera, na sera hutungwa na watu walio na majina, vyeo na mihuri. Watu haohao wanaweza kuitungua.